Tunahamia Tanga na watoto wa shule, tukae mtaa gani?

#1 mama_wa_nyakato
Habari za jioni wadau. Niende moja kwa moja. Mume wangu kahamishiwa Tanga, kazi yake itakuwa bandarini, na tumekubaliana tumfuate Desemba hii ya 2025 shule zikifungwa, maana hayo ya baba huku mama kule hatuyawezi. Sa hivi tuko Mwanza. Watoto watatu, mkubwa yuko la tano, anayemfuata yuko la nne (ndiyo wamefuatana, msinicheke), mdogo anaanza awali Januari. Wote ni shule ya serikali ya Kiswahili na tutaendelea hivohivo, ada ya inglishi midiamu mara tatu hatuna. Sasa mtu anayetaka kupanga nyumba kwa kuangalia shule kwanza, choo na jiko baadaye, Tanga akae wapi? Nimetajiwa Raskazone, Chumbageni, Ngamiani, Kange, Pongwe, na kila anayenitajia anasema kwao ndo kuna shule. Mimi Tanga sijawahi kukanyaga.

#2 Chuma_cha_Reli
Waja leo waondoka leo! Karibu shemeji, Mwanza utaishia kuisikia redioni.

#3 dalali_mwaminifu
Njoo inboksi dada yangu, nina nyumba Kange, vyumba vitatu, kimoja masta, maji ndani, fensi, shule jirani kabisa.

#4 binti_barabara_ya_9
Dalali jamani, uzi hata haujapoa. Na hiyo "shule jirani kabisa" yenu tunaijua, jirani kwa bodaboda.

Dada mimi ni wa Ngamiani, nimezaliwa hapa nimesomea hapa na watoto wangu wanasoma hapa. Usitishwe na hao wanaosema Ngamiani uswahilini. Mtoto anatoka mlangoni anatembea kidogo yuko skuli, mchana anarudi anakula kwake, jioni anakwenda chuo cha Kurani, njia nzima kuna mtu anayemjua, akipigana barabara ya 12 mi napata habari kabla hajafika nyumbani. Baba yao bandarini anafika kwa baiskeli. Unataka nini tena?

#5 Kaka_Sahare
Binti namba 4 umesema yote ila matokeo hujayasema. Mama kauliza shule, hakuuliza umbea wa barabara ya 12. Ukweli usemwe, shule za upande wa Raskazone, Bombo na Chumbageni ndo zinatajwa siku zote. Kodi ya nyumba iko juu lakini unalipia.

#6 binti_barabara_ya_9
Zinatajwa na nani? Na nyinyi mnaokaa huko.

#7 Mzee_wa_Katani
Na ukiziangalia hizo zinazotajwa, wazazi wa huko ni watu wa maofisi, mahakama, hospitali, bandari. Mtoto analipiwa tuisheni toka la tatu, nyumbani kuna taa, kuna meza, kuna mama anayekagua daftari. Huyo mtoto mpeleke hata Chongoleani atafaulu. Halafu sifa wanapewa walimu wa mtaa. Mi naona mnasifia mishahara ya wazazi.

#8 ticha_wa_chaki
Mama wa Nyakato, mimi nimefundisha msingi mpaka nikastaafu, shule zaidi ya moja hapa Tanga jiji. Kabla hujachagua mtaa kuna jambo naona hakuna aliyeligusa. Umesema mmoja la tano mmoja la nne mwaka huu. Unajua kwamba hao wanamaliza msingi mwaka mmoja?

#9 mama_wa_nyakato
Shikamoo mwalimu. Wanamalizaje mwaka mmoja na wamepishana darasa?

#10 ticha_wa_chaki
Marahaba. Ni hivi. Sera mpya imeshusha msingi kutoka miaka saba hadi sita. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024 uliwachukua awali, la kwanza na la tatu. Huyo wako wa la nne mwaka ule alikuwa la tatu, kwa hiyo yuko kwenye mtaala mpya na atamalizia la sita mwaka 2027. Mkubwa wake alikuwa la nne, huyo yuko kwenye mtaala wa zamani na atamaliza la saba, mwaka huohuo 2027. Januari 2028 wote wawili wanaingia kidato cha kwanza, na siyo wako tu, ni nchi nzima mikupuo miwili inaingia kwa pamoja. Kwa hiyo wewe unavyotafuta shule ya msingi unatafuta ya miaka miwili tu. Unachotakiwa kukitazama ni sekondari watakayoangukia.

#11 Chuma_cha_Reli
Eeh. Mimi nina wa la nne na nilikuwa sijui hii. Mke wangu anajua kweli?

#12 mama_wa_nyakato
Mwalimu umenivuruga kichwa lakini asante. Ndo maana basi vitabu vya mkubwa mdogo havimfai, nilikuwa nagomba nasema nimenunua vya nini.

#13 ticha_wa_chaki
Ndiyo maana. Mkubwa ana Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili, mdogo ana Jiografia na Mazingira, ana Historia ya Tanzania na Maadili, ana Sanaa na Michezo. Usimlazimishe.

#14 Engineer_Gofu
Hapa sasa uzi umekuwa na maana. Mwalimu yuko sahihi, angalia sekondari. Na mtoto wa serikali anapangiwa sekondari ya kata anayoishi, kwa hiyo tafuta kata yenye sekondari nzuri, panga nyumba humo, basi.

#15 Mama_Salha_Makorora
Engineer siyo hivo bana. Hawaangalii unapoishi, wanaangalia shule aliyofanyia mtihani. Mwanangu tunaishi Makorora, msingi kasoma upande mwingine kabisa kwa sababu dada yangu ni mwalimu kule nikampeleka nae, majina yalipotoka kapangwa na wenzake wa shule ile, kwenye sekondari ya huko kwao. Kila siku daladala mbili. Kwa hiyo unaweza ukapanga jirani ya sekondari nzuri ukuta kwa ukuta na mtoto akapangwa kwingine.

#16 Engineer_Gofu
Kwenye jiji sawa, lakini kule pembeni kata moja msingi mbili tatu sekondari moja, inakuwa yaleyale.

#17 Mama_Salha_Makorora
Kauliza mtu wa bandarini, siyo wa pembeni.

#18 Mbondei_Halisi
Nyote mnasahau kwamba akifaulu vizuri hakai kwenye kata. Mtihani wa la saba ni alama 300, mwenye 241 kwenda juu ana A, na wenye alama za juu kabisa ndo wanachaguliwa kwenda Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato, Tabora, au shule za ufundi kama hii ya kwetu Tanga Ufundi. Mtafutie msingi atakapofaulu vizuri, mengine yatajileta.

#19 Mzee_wa_Katani
Mbondei hizo nafasi ni chache mno kwa nchi nzima, na 2028 mikupuo miwili ndo itakuwa inazigombea. Usimwambie mama wa watu apange maisha kwa bahati nasibu.

#20 kijana_wa_Muheza
Kwani hao wa la sita watachujwa? Nilisikia elimu ya lazima sasa ni miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Ikiwa ni lazima basi wote wanaendelea, aliyefaulu na asiyefaulu.

#21 Mbondei_Halisi
Wanaendelea, lakini kwenda wapi? Kuendelea na kwenda Ilboru ni vitu viwili.

#22 Shekulango_Lushoto
Samahani kwa kuingilia mambo ya joto. Mama, achana na Tanga mjini. Baba akae Tanga wiki, nyie mkae Lushoto. Hewa safi, mboga bei ya chini, mtoto hatokwi jasho darasani akasinzia. Na Lushoto ndo nyumbani kwa Kifungilo, kwa St. Mary's Mazinde Juu, kwa seminari ya Soni. Elimu iko milimani watu hawataki kupanda tu.

#23 Chuma_cha_Reli
Msambaa akiona uzi wowote lazima apeleke watu mlimani 😂 hata uzi wa samaki.

#24 mtu_wa_Kaole
Kama ni hivo basi Bagamoyo, tuna Marian wasichana na Marian wavulana, matokeo kila mtu anayajua.

#25 binti_barabara_ya_9
Jamani hivi mnasoma mnachoandika? Marian ni bweni. Kifungilo ni bweni. Soni ni seminari, tena bweni. Mtu wa Mtwara anasoma Marian na mzazi wake yuko Mtwara. Kuhamia Bagamoyo kwa ajili ya Marian ni kwenda kukaa karibu na geti usilolipia ada. Na huyu mama alishasema namba 1 ada haipo.

#26 mtu_wa_Kaole
Sawa nimepokea, ila Bagamoyo kuna pweza.

#27 Kaka_Sahare
Pweza hata hapa Tanga, Deep Sea, wapo, rudini kwenye mada.

#28 afisa_takwimu_wa_mtaani
Mimi niongelee namna ya kusoma matokeo maana naona watu wanasema "matokeo mazuri" kama vile ni kitu kimoja. NECTA (baraza la mitihani) kutangaza shule kumi bora wameacha toka Januari 2023, lakini matokeo ya kila shule bado yako wazi kwenye tovuti yao. Fungua ya kidato cha nne, ya shule unayoifikiria, halafu usidanganywe na asilimia ya ufaulu. Kwenye asilimia ile divisheni foo, yaani daraja la chini kabisa la waliofaulu, imo, ni ufaulu kwa jina, na mwenye foo ya mwisho mwisho njia zake za kwenda mbele ni chache sana. Hesabu wani, tuu na thrii, gawanya kwa waliofanya. Halafu fungua mwaka mwingine na mwingine, mwaka mmoja haukuambii kitu, darasa moja likiwa na vichwa saba shule nzima inaonekana imeamka. Kingine ambacho watu hawakiangalii, fungua matokeo ya kidato cha pili ya watoto walewale miaka miwili nyuma uone walikuwa wangapi. Kama kidato cha pili walikuwa 180 na cha nne wakafanya 110, uliza wale 70 wako wapi. Wengine wamehama kihalali, wengine wamerudia, wengine wamekimbilia kuuza vocha stendi. Na kwa shule za binafsi ni zaidi, kuna zinazochuja kidato cha pili ili kidato cha nne jedwali lipendeze.

#29 mama_wa_nyakato
Nimeipenda hii. Leo usiku nakesha na simu.

#30 Engineer_Gofu
Afisa, na jinsia pia. Angalia wasichana peke yao. Kuna shule wavulana wanaibeba wasichana wote wako chini, na sababu ni umbali na mambo ya njiani, siyo akili.

#31 Mama_Salha_Makorora
Hapo kwenye njiani ndo mi nakaa kimya nisije nikalia. Nieleze tu. Mwanangu wa kwanza tulimpeleka shule moja (jina naliacha) mbali na kwetu kwa sababu ya hayo matokeo mnayoyasema. Alikuwa anaamka saa kumi alfajiri, asubuhi makonda hawataki wanafunzi wanataka abiria wa nauli kamili, anafika amechelewa anachapwa, jioni anarudi magharibi imeshaingia amechoka hata kula hawezi. Shule ilikuwa nzuri kwelikweli, walimu wanafundisha, ila mtoto alikuwa anafika pale ameshaisha. Wa pili nikamweka ya kata jirani, shule ambayo hakuna anayeitaja, katoka na divisheni tuu. Ndo maana mimi mtu akinambia shule nzuri namuuliza iko wapi.

#32 Kaka_Sahare
Pole mama Salha. Lakini inawezekana wa pili kichwa chake tu.

#33 Mama_Salha_Makorora
Inawezekana. Na inawezekana wa kwanza ndo alikuwa na kichwa zaidi na njia ikamla. Utajuaje?

#34 baba_pacha_Mikanjuni
Mimi nipingane kidogo na mama. Pacha wangu walikuwa darasa lina watoto zaidi ya mia moja, wakati mwongozo unataka 45. Mwalimu hata daftari hasahihishi anasahihisha safu ya mbele, anayekaa nyuma anafundishwa na ukuta. Nikawahamisha kwenda shule ya mbali yenye watoto wachache, nikawanunulia baiskeli kila mmoja, Tanga ni tambarare bana siyo Mwanza ya mawe, ndani ya mihula michache walikuwa wanasoma wenyewe. Kwa hiyo mi naamini idadi. Ingia darasani hesabu vichwa, hesabu madawati, ondoka. Hayo ya NECTA baadaye.

#35 ticha_wa_chaki
Baba pacha nakuunga mkono kwa idadi lakini nikupe na upande wa pili. Nimefundisha darasa la 40 ambalo halikuwa na kitu na nimefundisha la 90 lililotisha. Tofauti ilikuwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akiwa anafika kabla ya kengele na anajua nani hajaingia darasani, shule inasimama. Akihamishwa, miaka miwili imelala. Na wanahamishwa. Ndiyo maana mtu anayekupa sifa za shule muulize ni za lini.

#36 Mzee_wa_Katani
Mwalimu umesema kweli ila wewe ni mwalimu lazima useme ni mwalimu. Sisi wazazi tunasema ni wazazi. Wanasiasa watasema ni madarasa. Kila mtu anavutia kwake.

#37 ustadh_wa_jioni
Kuna jambo la chuo halijasemwa ila binti wa barabara ya 9 kaligusa. Tanga mtoto anasoma mara mbili, skuli na chuo. Kuna wanaosema chuo ndo kinawachosha watoto wa pwani ndo maana matokeo yako chini. Mimi nasema kinyume. Mtoto aliyekaa chini akahifadhi juzuu ana subira ya kukaa na kitabu, ana kumbukumbu, anajua kumheshimu anayemfundisha. Mama sijui wewe ni dini gani na hainihusu, lakini ukipanga Ngamiani, Duga, Makorora, jua ratiba ya mtaa mzima inafuata chuo, tuisheni ya jioni utapata taabu kuipanga.

#38 Kaka_Sahare
Ustadh hilo la subira ni kweli lakini lugha je. Sekondari ni Kiingereza karibu masomo yote, fizikia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza. Mtoto wa pwani Kiswahili chake kizuri mno, hana haja na lugha nyingine mtaani, anafika kidato cha kwanza anakutana na ukuta. Hapo chuo hakimsaidii na mwalimu mkuu hamsaidii. Ndo maana watu wanajinyima wanapeleka inglishi midiamu.

#39 ustadh_wa_jioni
Na wa Mwanza mtaani wanaongea Kiingereza?

#40 mama_wa_nyakato
😂😂 Hapana ustadh, tunaongea Kisukuma.

#41 Mzee_wa_Katani
Nyie vijana mnaongea kama Tanga haijui shule. Shule ya kwanza ya serikali nchi hii aliijenga Mjerumani hapahapa Tanga, miaka ya mwanzo ya 1890, akawa anatoa makarani na maakida, na gazeti la Kiongozi lilikuwa linachapwa hapo, kwa Kiswahili. Sekondari ya Galanos jina ni la Mgiriki wa mashamba ya katani. Sekondari ya Usagara kabla ilikuwa inaitwa Karimjee. Na Shaaban Robert ni mtu wa huku kwetu. Sasa mnasema pwani haisomi, pwani ilisoma kabla yenu.

#42 Chuma_cha_Reli
Mzee shikamoo, lakini Mjerumani hayupo kwenye chaguzi za kidato cha kwanza 2028.

#43 Mzee_wa_Katani
Marahaba. Hayupo, lakini majengo yake yapo na bado hayavuji.

#44 bodaboda_wa_Kange
Niseme kama mtu anayebeba watoto kila asubuhi. Kange na huko mbele mji unakua toka stendi kuu ilipohamia, nyumba mpya nyingi, kodi nafuu, viwanja vipo. Lakini watoto ninaowabeba asubuhi wanatoka Kange kuja mjini, siyo kutoka mjini kuja Kange. Nafikiri nimejibu swali.

#45 dalali_mwaminifu
Bodaboda unaniharibia kazi. Wanakuja mjini kwa sababu wazazi wao walihamia wakiwa na watoto wameshaandikishwa mjini. Wadogo zao wanasoma hukuhuku. Uliza vizuri.

#46 bodaboda_wa_Kange
Hilo nalo lina ukweli, baadhi yao ndo hivo.

#47 mfanyakazi_Pongwe
Na Pongwe jamani msitusahau. Kweli tuko nje ya mji upande wa Muheza, lakini kwa anayefanya kazi kiwanda cha saruji ni nyumbani. Kwa mtu wa bandarini sikushauri, baba atakuwa anaondoka watoto wamelala anarudi wamelala, na hapo umehamia ili muwe pamoja.

#48 mama_wa_nyakato
Wapendwa nawashukuru, sikutegemea. Nilivyoelewa mpaka sasa: Pongwe hapana, Lushoto hapana (samahani mkuu wa milimani). Nimebaki na Chumbageni, Ngamiani na labda Kange. Nimefungua hayo matokeo kama afisa alivyosema, nimekuta kitu kinanichanganya, sekondari mbili za karibukaribu, moja ina wani na tuu za kutosha ila waliofanya ni wachache, nyingine ina lundo la watoto na wani chache lakini ukihesabu vichwa vya thrii kwenda juu inaizidi ile ya kwanza. Ipi ni nzuri?

#49 afisa_takwimu_wa_mtaani
Inategemea mtoto wako yuko wapi darasani sa hivi. Akiwa wa tatu bora, yoyote. Akiwa wa katikati mpeleke ile inayowavusha wa katikati.

#50 baba_pacha_Mikanjuni
Mimi napinga, ile yenye wachache. Mtoto wa katikati kwenye lundo anapotea.

#51 Engineer_Gofu
Na hiyo yenye wachache 2028 haitakuwa na wachache, kumbukeni. Mikupuo miwili hiyo inaingia mlango uleule. Hesabu za wachache za leo hazina maana tena, labda uangalie ipi ina eneo na inajengwa madarasa. Mi ningezunguka nione wapi kuna tofali na nondo.

#52 ticha_wa_chaki
Engineer hapo umenena. Niongeze la utaratibu ili usihangaike Januari. Huyo wa la nne amalize upimaji wake wa darasa la nne hukohuko Mwanza, usimhamishe kabla. Hakikisha wote wawili namba zao za PReM (zile za usajili wa mwanafunzi) unazo na majina yameandikwa sawasawa, herufi moja ikikosewa utakuja kulia wakati wa kusajili mtihani. Nenda kwanza kwa mwalimu mkuu wa shule unayoitaka Tanga akukubalie nafasi, halafu ndiyo barua ya uhamisho ianze safari yake kwa mwalimu mkuu wa sasa na kwa maafisa elimu wa pande zote mbili. Baba yao yuko huku, basi yeye ndiye aende shuleni, asimtume mtu. Na aende saa za masomo, aone kama walimu wako darasani au chini ya mwembe.

#53 binti_barabara_ya_9
Na aulize michango. Ada hakuna lakini uji, chakula, mlinzi, mtihani wa wiki, kila shule ina yake, wazazi wanakubaliana kwenye mkutano halafu anayehamia baadaye anakuta imeshapita.

#54 mama_wa_nyakato
Mwalimu Mungu akuweke. Mume wangu nimemtumia uzi wote, kanijibu "kumbe Tanga kuna pweza".

#55 mtu_wa_Kaole
Mwambie aje Bagamoyo.

#56 kijana_wa_Muheza
Wakuu swali dogo kabla uzi haujalala. Mi wangu sa hivi yuko la tatu. Huyo anaangukia wapi?

#57 ticha_wa_chaki
Huyo anamaliza la sita 2028, anaingia kidato cha kwanza 2029. Mikupuo miwili itakuwa imeshapita.

#58 kijana_wa_Muheza
Alhamdulillah, basi mi nakaa Muheza na machungwa yangu.

#59 Engineer_Gofu
Usifurahi mapema. Wale wa 2028 mwaka huo wako kidato cha pili, bado wamo shuleni na maabara ni zilezile, walimu ni walewale wamegawanywa. Wa kwako anaingia nyuma yao.

#60 baba_pacha_Mikanjuni
Au anakuta madarasa yameshajengwa kwa ajili yao, anakaa kwa nafasi.

#61 Engineer_Gofu
Madarasa sawa. Mwalimu wa fizikia anajengwa kwa tofali?